Tulimuuza Ng'ombe Tukanunua Mbolea

(Maneno haya niliyasema kwenye kikao cha vijana wa chama chetu, Makambako. Wengi mliniomba niyaweke hapa. Nimeyanyoosha kidogo tu, mengine nimeyaacha kama nilivyoyasema.)





Nimeitwa hapa kama mwanafunzi wa sheria. Nikaambiwa, dada, njoo utueleze Katiba. Nitafika kwenye Katiba, msiwe na wasiwasi. Lakini naomba nianzie zizini.

Msimu wa 2021/22, bei ya mbolea ilipopaa, mama yangu alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa na mtamba wake. Mfuko wa DAP wa kilo 50 ulishavuka laki moja na unaendelea kupanda. Mama akapiga hesabu ya eka moja ya mahindi na nusu eka ya viazi, akaona hafiki. Akamuuza mtamba. Hela ikaenda kwenye DAP, urea na nauli ya kuvibeba. Tulivuna, sikatai. Ila fikirini vizuri kilichotokea pale: mkulima ameuza kiwanda chake cha mbolea ili anunue mbolea. Msimu ukiisha mfuko umeisha, na zizi limebaki nusu.

Mwaka uliofuata tukasikia habari njema. Agosti 2022, siku ya Nane Nane pale Mbeya, Rais alizindua ruzuku, mfuko ukashuka hadi shilingi 70,000 kwa mwenye namba. Mama akajiandikisha, namba akapata. Akaenda kituo cha kuuzia, sitakitaja, mara ya kwanza mzigo haujafika, mara ya pili mtandao hakuna, mara ya tatu akapata. Alipofika nyumbani na mbolea ya kupandia, mahindi yalikuwa yameshaota. Jamani, mbolea ya kupandia unaiweka wapi wakati mmea umeshatoka?

Nilikuja nyumbani mwezi wa pili nikamkuta mama kasimama katikati ya shamba. Mahindi yako magotini, na majani yamepiga rangi ya zambarau. Akaniambia, "Mwanangu, ni baridi hii." Mimi nikaitikia, maana sikujua lolote. Huo ndio ukweli, nilikuwa naweza kueleza vipengele vya mkataba lakini siwezi kusoma jani la mhindi.

Baridi inachangia, ndiyo. Lakini zambarau ile kwenye mahindi machanga ni lugha. Mmea unasema: sina fosforasi. Fosforasi ndiyo inayosukuma mizizi, ndiyo inayosaidia mmea kujaza punje. Na udongo wetu wa Nyanda za Juu Kusini, sehemu kubwa, una uchachu. Ukimwaga DAP kwenye udongo wa namna hiyo, sehemu ya fosforasi yake inakamatwa na chuma na alumini vilivyomo ardhini. Umeinunua, iko shambani kwako, lakini mmea hauipati. Ni kama hela yako iliyo benki na kitambulisho umepoteza.

Sasa sikilizeni habari ya jiwe.

Ukiwa barabara ya Arusha kwenda Babati, karibu na Ziwa Manyara, kuna sehemu inaitwa Minjingu. Pale kuna fosifeti. Zamani za kale ziwa lilikuwa kubwa kuliko sasa, na ndege wala samaki waliishi pale kwa wingi mno. Vinyesi vyao na mifupa ya samaki vikalundikana mpaka vikawa mwamba. Hilo jiwe lina fosifeti takribani asilimia 28. DAP ina asilimia 46. Si sawa, lakini si haba, na jiwe ni la kwetu. Lilijulikana tangu miaka ya 1950. Mwaka 1972 kikafunguliwa kiwanda cha mbolea Tanga, mwaka 1983 mgodi wa Minjingu ukaanza kazi ya kukilisha, na mwaka 1991 kiwanda cha Tanga kikafungwa. Mgodi umeendelea, lakini kwa mama yangu mbolea bado ni kitu kinachosubiriwa kutoka bandarini.

Wazee mlioko nyuma mnakumbuka vocha za 2008 na kuendelea. Baadhi yenu mlipewa unga wa Minjingu badala ya DAP, mkachukia. (Pale nyuma mzee mmoja akasema, "Lilikuwa vumbi tupu lile!" Watu wakacheka.) Mzee wangu, hukukosea. Jiwe la fosifeti likisagwa peke yake linayeyuka polepole. Unalimwaga leo, msimu wa kwanza unaona kama umemwaga unga wa chokaa. Kosa halikuwa la mkulima, wala la jiwe. Kosa ni kwamba walikuletea jiwe bila kukuletea elimu ya jiwe.

Na samadi peke yake je? Samadi ni nzuri, inashika maji, inalainisha udongo. Ila ina fosforasi kidogo. Ng'ombe akilishwa majani ya shamba lililofilisika, samadi yake nayo inatoka imefilisika. Hawezi kukurudishia asichokula.

Dawa ni kuvioza pamoja. Unachukua unga wa jiwe uliosagwa laini, unauchanganya na samadi, mabua na majani mabichi, unamwagia maji, unafunika, unageuza kila baada ya wiki mbili tatu, mpaka lile lundo lipoe na linukie udongo. Wakati wa kuoza, vijidudu vinatoa asidi zinazoanza kulimeng'enya jiwe. Halafu ukiipeleka shambani, ile mboji inakuwa kama mlinzi, inapunguza kasi ya chuma na alumini kuikamata fosforasi. Na uchachu wa udongo wetu, ule ule tunaoulalamikia, unasaidia kuliyeyusha jiwe kidogo kidogo. Hiyo ndiyo samadi iliyorutubishwa kwa fosifeti.

Msidhani nimeota. Magharibi mwa Kenya watafiti wamejaribu jiwe hili hili la Minjingu pamoja na majani ya alizeti pori, yale maua ya njano yanayoota kando ya barabara, kwa sababu majani yake yana naitrojeni nyingi. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kilitengeneza kifurushi kidogo cha mkulima maskini, ndani yake kilo 2 za unga wa Minjingu, urea kidogo na mbegu za jamii ya kunde, cha kuponya kipande cha mita 25 za mraba. Jiwe letu linavuka mpaka kwenda kuwa somo kwa wenzetu.

Lakini mimi kama mwanasheria mtarajiwa, nchi iliyonivutia zaidi ni India. Wao wana migodi ya fosifeti jimbo la Rajasthan, na wana ng'ombe wengi. Walichofanya ni kuiingiza samadi hii kwenye sheria. Wana amri yao ya kudhibiti mbolea ya mwaka 1985, na baadaye wakaongeza humo mbolea hii kwa jina lake na kwa viwango vyake: fosifeti isipungue asilimia 10.4, iwe imeoza kiasi gani, uchachu wake uishie wapi. Mwaka 2023 serikali yao ikapitisha msaada wa rupia 1,500 kwa kila tani ya mbolea za asili zinazotoka kwenye mitambo ya biogesi, na hii ikiwemo. Yaani kinyesi cha ng'ombe kikapata ruzuku. Na mwenye nacho anajulikana kisheria.

Sisi tuna Sheria ya Mbolea Na. 9 ya mwaka 2009. Ni sheria yenye nia nzuri, inataka mbolea isajiliwe kabla haijauzwa, mkulima asiuziwe mchanga. Naiunga mkono. Lakini jiulizeni: kikundi cha vijana kumi wa Wanging'ombe wakitaka kuuza samadi iliyorutubishwa, wanaingia mlango upi? Ule ule wa kampuni inayoshusha meli nzima. Maombi, ada, majaribio, maabara. Mlango ni mmoja, miguu si sawa. Matokeo yake kijana anauza kimyakimya kwenye viroba, bila kipimo, na mkulima hajui ananunua nini. Sheria ya kumlinda mkulima inaishia kutomlinda.

Nilisema nitafika kwenye Katiba. Ibara ya 9 inaielekeza serikali kuhakikisha utajiri wa Taifa unatumika kwa maendeleo ya wananchi, hasa kuondosha umaskini, ujinga na maradhi. Jiwe la Minjingu ni utajiri wa Taifa. Tukimbilie mahakamani? Hapana. Ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu ile hayatekelezwi kwa nguvu ya mahakama. Hakimu hawezi kuiamuru serikali ikupe samadi. Darasani nilipolisoma hilo nilikasirika. Baadaye nikaelewa: pale mahakama inapoishia, siasa inaanzia. Ndiyo maana niko hapa na siko maktaba.

Sasa tusidanganyane, maana wapinzani wetu watakuja na maswali, na ni haki yao.

La kwanza, hatusemi mbolea ya viwandani ipigwe marufuku. Sri Lanka walifanya hivyo mwaka 2021, ghafla, nchi nzima, bila maandalizi. Mavuno ya mpunga na chai yakaanguka, na kabla mwaka haujaisha serikali ikarudi nyuma. Atakayesimama kwenye jukwaa letu akasema "tupa urea" hajatumwa na sisi. Samadi hii inabeba fosforasi. Naitrojeni kwa mahindi bado utaihitaji, kwa urea au kwa maharage na kunde.

La pili, haifai kila mahali. Kwenye udongo wa magadi au palipo na ukame mkali, jiwe haliyeyuki vizuri. Na mwenye eka mia hana samadi ya kutosha. Hii ni ya mwenye eka moja, mbili, tatu. Yaani ni ya mama zetu.

La tatu, na hili wengi hulikwepa: jiwe la Minjingu lina urani ndani yake, kuliko mawe mengi ya aina hiyo. Wanasayansi wamelipima na kuandika. Kwa hiyo vumbi lake si la kuchezea. Anayesaga na anayechanganya afunike pua na mdomo, na vipimo vya mgodi na vya mashamba vibandikwe mahali tunapoweza kuvisoma. Hatuwezi kuidai serikali ukweli halafu sisi tukaficha ukweli wetu.

Basi madai yetu ni manne. Moja, udongo upimwe kila kata na majibu yabandikwe ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili. Mbili, kanuni za mbolea ziwe na mlango mdogo kwa vikundi, viwango vichache vinavyopimika na ada inayolipika. Tatu, ile namba ya ruzuku imruhusu mkulima kuchagua unga wa jiwe kama anavyochagua DAP, na ufike mwezi wa tisa ili uoze kabla ya mvua. Nne, afisa ugani aje na koleo, asije na kipeperushi.

Na sisi tusisubiri kushinda uchaguzi. Kila tawi lichimbe shimo moja. Moja tu. Watu wakija kuuliza sera yetu ya kilimo, wapelekeni shimoni.

Mimi nimeshaanza. Msimu wa 2023/24 tulipata mifuko miwili ya unga wa Minjingu kupitia dereva wa lori, akautoa kule kule Manyara. Tukaoza na samadi ya yule ng'ombe mmoja aliyebaki, tukaweka robo eka ya mahindi. Msimu wa kwanza, niwaambie ukweli, upande wa DAP ulitupita. Mama alinitazama vile wamama wanavyomtazama mtoto aliyesomeshwa. Msimu wa pili tukarudia pale pale. Zambarau haikuonekana. Mavuno hayakuzidi ya DAP, yalikaribiana nayo, na mfuko wa DAP kwenye ile robo eka hatukununua. Ni robo eka ya familia moja, sitaki mtu aondoke hapa akisema binti amethibitisha.

Ila nilipokuwa narudi chuo, mama hakuniomba hela ya mbolea. Aliniuliza kama nafahamu mtu anayeuza mtamba.