Ukoo wa Bribir na Wafalme Wake: Mhadhara wa Umma



Katika nchi ya Kroatia, juu kidogo ya bandari ya Skradin, kiko kilima chenye magofu kiitwacho Bribir. Warumi walikuwa na mji hapo zamani za kale, lakini jina la mahali hapo lisingalitufikia jioni hii lau si makabaila walioketi juu yake katika karne za kati, yaani ukoo wa Šubić, ambao nasaba yao, kwa jina hilo na kwa jina la pili nitakalolitaja, ilidumu zaidi ya miaka 600, ikatawala miji ya pwani, ikamtia mfalme enzini, ikapigana na Waturuki, na mwishowe ikaangamia kwa amri ya mfalme iliyekuwa ikimtumikia. Taarikhi yao husimuliwa aghalabu kuwa ni taarikhi ya ushujaa, na wallahi ushujaa haukuwakosa. Ila mimi naona kwamba walikuwa wakubwa kwa kadiri mfalme wao alivyokuwa mnyonge, na kwamba yeyote atakayetaka kujua ni lini walistawi na ni lini walidhalilika, na asitazame panga zao, bali aitazame hazina ya mfalme.

Yapasa kwanza nieleze hali ya mambo ilivyokuwa. Tangu mwaka 1102, Koloman wa Hungaria alipovikwa taji la Kroatia katika mji wa Biograd, falme hizo mbili zilikuwa chini ya mfalme mmoja; lakini Wakroatia walibaki na makabaila wao na desturi zao, na juu yao akawekwa mtu aliyeitwa bani, ambaye kwa mfalme alikuwa kama liwali kwa sultani katika miji yetu ya pwani, wa kuhukumu na kutoza na kukusanya jeshi kwa jina la bwana aliye mbali. Umbali huo uliamua mengi. Mfalme alikaa ng'ambo ya milima, katika nchi ya mto Danube, na pwani ya Adria ilikuwa ikitamaniwa na Venice, dola ya matajiri isiyochoka kuzinyemelea Zadar, Šibenik, Trogir na Split. Asingeweza kuilinda pwani hiyo bila ya wenyeji wenye ngome. Mwaka 1242 Béla wa Nne, akifukuzwa na Wamongoli, alikimbia hadi Trogir asibakiwe na pengine pa kwenda isipokuwa baharini; na mwaka 1251, mambo yalipotulia, aliwathibitishia wana wa Šubić kwa hati milki yao ya Bribir.

Aliyeupandisha ukoo huu hadi kilele chake ni Pavao wa Kwanza, aliyeshika ubani katika miaka ya 1270, ndugu zake Juraj na Mladen wakiwa mamwinyi wa miji ya pwani chini yake. Mwaka 1290 mfalme László wa Nne aliuawa bila ya kuacha mtoto. Taji likashikwa na Andrea wa Tatu, wa nyumba ile ile ya Árpád, naye dada wa marehemu, Maria, malkia wa Naples, akalidai kwa ajili ya kizazi chake cha Anjou. Kila upande ukajua kwamba asiyekuwa na Pavao hana pwani. Basi zikaja hati kutoka pande zote mbili, kwa lakiri na muhuri, kila mdai akimtunukia Pavao na warithi wake ule ubani na nchi ambazo tayari zilikuwa mikononi mwake, na ambazo hapana hata mmoja kati yao aliyeweza kumnyang'anya. Pavao alizipokea zote, za huku na za huko. Nawaomba wanafunzi wa taarikhi watue hapa kidogo, kwa sababu mtu akizisoma hati hizo atadhani mfalme ndiye mtoaji na bani ndiye mpokeaji, na kwa kweli mambo yalikuwa kinyume.

Kufika mwaka 1299 Pavao alikuwa akijiita pia bwana wa Bosnia. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, merikebu kutoka Naples ilitia nanga Split, akashuka mtoto wa miaka 12, Charles Robert, mjukuu wa yule malkia Maria. Pavao alimpokea, akampeleka Zagreb, na kutoka huko akaingizwa Hungaria. Na Januari 1301 Andrea alipofariki, nasaba ya kiume ya Árpád ikakatika, na mtoto yule akawa na daawa iliyo wazi. Ilimchukua miaka mingi na taji la mara tatu, la mwisho likiwa la 1310, hata akakubaliwa. Na kwa miaka yote hiyo alipokuwa akipigania kiti chake, hapana aliyemghasi bani wa Wakroatia. Pavao alikufa mwaka 1312 akiwa na amani na mamlaka yasiyokuwa ya mtu mwingine kati ya milima na bahari.

Mwanawe, Mladen wa Pili, alirithi cheo bila ya kurithi wakati. Miji ilichoka kutozwa, makabaila wenziwe walimhusudu, na ndugu yake mwenyewe, Pavao wa Pili, akaungana na mahasimu zake. Wakamshinda mwaka 1322 mahali paitwapo Bliska. Charles Robert, sasa mtu mzima wa miaka 34 aliyekwisha kuwavunja makabaila wakubwa wa Hungaria mmoja baada ya mmoja, akaja na jeshi hadi Knin. Mladen alimwendea kwa miguu yake, akitumaini kwamba mfalme atakumbuka ni nani aliyempokea pale Split. Mfalme alimtia mbaroni, akamchukua Hungaria, naye hakurejea tena.

Lakini si panga la Bliska lililowageuza wana wa Šubić wakawa watu wengine, ni kalamu. Mwaka 1347 Louis, mwana wa Charles Robert, alitaka ngome ya Ostrovica iliyoikabili pwani aliyokusudia kuipokonya Venice, akawapa wenyewe, kwa badala yake, ngome ya Zrin, mbali na bahari, katika misitu iliyo karibu na mto Una. Tawi lililohamia huko likaitwa Zrinski, na kwa Wahungaria, Zrínyi. Wale waliobaki pwani, wenye Klis na Skradin, hawakudumu. Mladen wa Tatu alifariki mwaka 1348. Basi ukoo ukaokoka kwa kufukuzwa, kama nathubutu kusema hivyo. Huko bara walipata madini ya fedha ya Gvozdansko, wakaoa na kuozana na nyumba za Hungaria, wakawa watu wa falme mbili kwa damu na kwa lugha.

Karne mbili baadaye mfalme alikuwa mnyonge tena, nao wakakua tena. Ferdinand wa Habsburg, aliyekuwa akidhoofishwa na Mturuki na hazina tupu kwa pamoja, alimfanya Nikola Zrinski bani mwaka 1542, na alipokuwa hana fedha za kumlipa gharama za jeshi, mwaka 1546 akampa milki ya Čakovec. Huyu ndiye Nikola wa Szigetvár, aliyeizuia ngome hiyo mwaka 1566 kwa watu wapatao 2,300 mbele ya jeshi la Sultan Suleiman lenye makumi elfu. Ngome ilishika zaidi kidogo ya mwezi mzima. Mfalme Maximilian, aliyemrithi Ferdinand, alikuwa Győr na jeshi kubwa, wala hakuja. Ferenc Črnko, mtumishi wa chumbani aliyeokoka, ametuachia habari ya asubuhi ya mwisho: kwamba Nikola alikataa kuvaa deraya, akaletewa panga, akachagua moja lililokuwa la babaye, kisha akatia dhahabu mifukoni, asije atakayemwangusha akasema hakupata kitu kwake. Akafungua lango, akatoka, akauawa. Hakujua kwamba Suleiman alikuwa amekwisha kufa hemani mwake, na kwamba waziri mkuu, Sokollu Mehmed Pasha, ambaye kwao ni Bosnia, alikuwa akiificha maiti ya bwana wake ili askari wasitawanyike.

Kitukuu chake, Nikola mwingine, aliutunga msiba huo kwa mashairi ya Kihungaria, yakachapwa Vienna mwaka 1651. Na Petar, nduguye, akayatoa kwa Kikroatia huko Venice mwaka 1660. Nikola aliuawa na nguruwe mwitu katika windo la Novemba 1664, miezi michache baada ya mfalme Leopold, aliyekuwa amemshinda Mturuki, kufunga naye mkataba wa Vasvár ulioziacha ngome za mpaka mikononi mwa adui. Petar, kwa ghadhabu, alitafuta msaada Ufaransa, kisha Venice, kisha kwa Sultani mwenyewe, asipate. Mwezi wa Aprili 1670 yeye na shemeji yake, Fran Krsto Frankopan, walimwendea Leopold Vienna kuomba msamaha, kama Mladen alivyokwenda Knin. Leopold hakuwa na haja nao tena: mpaka ulikuwa umetulia, na milki zao zilikuwa na thamani kubwa. Walikatwa vichwa Wiener Neustadt tarehe 30 Aprili 1671, na mali yote ikaingia hazina.

Petar aliacha mwana mmoja wa kiume, Ivan Antun, aliyefia katika kifungo cha Graz mwaka 1703. Na mwaka ule ule binti wa Petar, Jelena, aliyeizuia ngome ya Munkács tangu 1685 hadi 1688 dhidi ya askari wa Leopold, alifariki uhamishoni Izmit, katika nchi ya Sultani. Nasaba ya kiume ikakoma hapo. Mifupa ya Petar na ya shemeji yake ilibaki Wiener Neustadt maadamu Habsburg walikuwa na enzi. Enzi hiyo ilianguka mwaka 1918, na mwaka 1919 mifupa hiyo ikachukuliwa, ikazikwa katika kanisa kuu la Zagreb.