Mashine Ikichelewa, Tupange Faili

Wengi wetu tunaweka faili za wanachama kwenye flashi. Mwanzoni zinafunguka upesi. Baadaye mama amekuja kuuliza mkopo wake, na mashine bado inatafuta. Si lazima iwe virusi. Flashi nyingi zimepangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao hupekua majina ndani ya folda moja moja toka mwanzo. Tena folda haiwezi kupita majina 65,536, na jina refu huhesabiwa zaidi ya mara moja. Basi tufanyeje? Kwanza tunakili zote pahali pengine. Kisha tugawe: folda ya kila mwaka, ndani yake za miezi. Hesabu ikionekana upesi, mweka hazina hashukiwi bure.