Safari ya Kuba kwa Wenzetu Walioko Marekani

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi siku ya mkutano wa mwaka)



Nimeombwa nieleze jinsi mtu anayeishi Marekani anavyoweza kwenda Kuba bila kuvunja sheria. Baadhi yenu mtajiuliza jambo hili linatuhusu nini. Linatuhusu, kwa sababu vijana wetu huenda masomoni Marekani, na wengi hudhani vikwazo vya Kuba ni vya Wamarekani peke yao. Sivyo.

Wazee waliosafiri miaka ya 1970 watakumbuka kwamba pasipoti za nchi nyingi za Afrika ziliandikwa kuwa hazifai kwa safari ya Afrika Kusini ya makaburu. Katazo lile lilikaa ndani ya pasipoti. Hili la Kuba limekaa mfukoni. Rais Kennedy alitangaza vikwazo vya biashara Februari 1962, na Julai 1963 zikatolewa kanuni ambazo zimetiwa viraka mara nyingi lakini hazijafutwa. Kanuni hizo zinashika fedha. Mtu hakatazwi kukanyaga ardhi ya Kuba. Anakatazwa kutumia fedha huko bila kibali. Na nani awezaye kukaa Havana juma zima bila kununua hata maji? Mwaka 1984 shauri lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na majaji watano dhidi ya wanne wakakubali kwamba serikali ina uwezo huo.

Sasa vijana sikilizeni. Sheria inamshika raia na mkazi wa Marekani popote alipo duniani, na inamshika pia kila mtu aliyemo ndani ya nchi ile. Kwa hiyo Mtanzania anayesoma Ohio, na pasipoti yake ya Tanzania mkononi, yumo. Akipitia Mexico au Canada bado yumo. Wapo wanaopeana njia hiyo kama ujanja, nami nasema ni ushauri mbaya. Mwenzake anayeishi Tabora, asiye na uraia wala ukaazi wa Marekani, hayumo; huyo aombe viza ya Kuba aende zake.

Vibali vipo, navyo vimegawanywa katika mafungu 12: kutembelea jamaa, uandishi wa habari, utafiti, masomo, dini, michezo, na kadhalika. Katika mengi huombi karatasi yoyote. Unasoma masharti, unajipima kama unatimiza, na unapokata tiketi unataja fungu lako. Utalii haumo, na sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 2000 inazuia usipewe kibali.

Fungu linalotumiwa sana na msafiri wa kawaida ni lile la kuwasaidia wananchi wa Kuba. Hapa ndipo watu hujidanganya. Kulala katika nyumba ya mwananchi badala ya hoteli ya serikali, na kula katika mgahawa wa mtu binafsi, ni vizuri, lakini peke yake havitoshi. Ratiba yako ya kila siku lazima ijae shughuli za kukutana na watu wenyewe: mafundi, wasanii, wafanyabiashara wadogo, vikundi visivyo vya serikali. Asubuhi moja kwa fundi viatu na siku sita ufukweni ni utalii, hata ukiupa jina jingine. Andika ratiba kabla ya kuondoka, kisha andika ulichokifanya kweli. Tunza stakabadhi zote. Zamani zilitakiwa miaka 5. Tangu Machi 2025 ni miaka 10. Tena angalia orodha ya hoteli zilizokatazwa, maana ipo, nayo ni ndefu.

Fedha chukua taslimu za kutosha safari nzima, kwa kuwa kadi za benki za Marekani kwa kawaida hazifanyi kazi kule. Kuba yenyewe inataka viza na bima ya matibabu. Sigara kubwa na ramu za Kuba ziache hukohuko. Tangu Septemba 2020 msafiri haruhusiwi kurudi nazo Marekani.

Masharti haya hubadilika kwa upepo wa siasa. Carter aliwafungulia wasafiri Machi 1977, mwezi uleule Fidel Castro alipotutembelea Tanzania. Reagan akafunga 1982. Obama akalegeza 2015, Trump akakaza kuanzia 2017, Biden akarudisha baadhi ya safari za vikundi 2022, na Juni 2025 Trump akaagiza katazo la utalii lisimamiwe kwa ukali. Basi usimfuate rafiki aliyekwenda miaka mitatu iliyopita. Soma maelezo ya Ofisi ya Udhibiti wa Mali za Kigeni, iliyo chini ya Wizara ya Fedha ya Marekani, kabla hujalipa nauli.

Nimebakiza la wanafunzi, na ndilo zito kuliko yote. Mwanafunzi ambaye viza yake imekwisha muda huweza kwenda Canada, Mexico au visiwa vya jirani kwa siku zisizozidi 30 na kurudi kwa viza ileile, akitimiza masharti. Kuba imetolewa katika ruhusa hiyo. Ukienda Kuba na viza iliyokwisha, itakubidi uombe mpya, na kwa tangazo la Desemba 2025 Marekani imewawekea Watanzania vikwazo vya viza, za wanafunzi zikiwamo. Kijana anaweza kutoka kwa juma moja akapoteza shahada nzima. Kwa hiyo kwanza tazama tarehe ya viza yako, halafu nenda kwa ofisa wa wanafunzi wa kigeni wa chuo chako akaangalie karatasi zako na kutia sahihi ya safari. Tiketi ije baada ya hapo.