Karakana ya Nyumbani na Hesabu Iliyosahauliwa

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma)



Lugha yetu ina neno moja, risasi, kwa vitu viwili: madini yale mazito ya kijivu, na kile kinachotoka katika mtutu wa bunduki. Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, na kwa muda mrefu hapakuwa na haja ya kuvitenganisha, maana cha pili kilifanywa kwa cha kwanza. Leo nataka kuzungumza juu ya watu wa Marekani waliofanya kazi hiyo majumbani mwao, jinsi walivyofanikiwa, na hesabu waliyoisahau.

Naomba nieleweke tangu mwanzo: sikuja kumfundisha mtu kutengeneza risasi. Hapa Tanzania kufanya hivyo bila kibali ni kosa, na sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 ipo. Kwao mambo ni mengine. Tangu sheria yao ya mwaka 1968, mwenye kutengeneza risasi za kuuza sharti awe na leseni ya serikali kuu, lakini anayejitengenezea mwenyewe kwa kuwindia au kwa mashindano ya shabaha hadaiwi leseni hiyo. Ndiyo sababu karakana ya namna hii, yenye meza imara na mashine ya mkono iliyofungwa juu yake, si ajabu nyuma ya nyumba ya Mmarekani.

Mwaka 1943 nchi ile ilikuwa vitani. Viwanda vililihudumia jeshi kwanza, na raia mwenye bunduki ya kuwindia akakosa risasi. Katika mji mdogo wa Oroville, California, kijana Fred Huntington alianza kuchonga kalibu za chuma katika chumba cha nyuma cha dobi la baba yake. Kalibu hizo zilikuwa za kushindilia vichwa vidogo vya risasi. Shaba ya kuvika vichwa hivyo ilikuwa adimu. Basi gamba likapatikana kwa maganda matupu ya risasi ndogo, yale yaliyozagaa katika viwanja vya shabaha. Takataka ikawa malighafi. Kalibu ile ilipewa jina la mnyama mdogo wa miambani aliyekuwa akiwindwa huko, na herufi za mwanzo za jina hilo, RCBS, zikabaki kuwa jina la kampuni mpaka leo.

Hakuwa peke yake. Vernon Speer wa Lewiston, Idaho, aliyatumia maganda hayo hayo, akishirikiana na Joyce Hornady, ambaye, licha ya jina lake, alikuwa mwanamume. Hornady alijitenga akaanza shughuli yake mwaka 1949 huko Grand Island, Nebraska. Majina hayo sasa ni ya viwanda vikubwa.

Yafaa tujiulize kwa nini kazi ya chumbani iliweza kushindana na ya kiwandani. Jibu limo katika kalibu. Ndani ya mtutu wa bunduki mna mifuo ya mzunguko, nayo hukizungusha kichwa cha risasi kama pia ya mtoto. Pia iliyo nzito upande mmoja hupepesuka. Na kichwa cha risasi chenye gamba nene upande mmoja hufanya vivyo hivyo, kikakosa shabaha. Kiwanda hufyatua maelfu kwa saa na hukubali tofauti ndogo ndogo. Mtu wa karakana hupima kimoja kimoja, hukitupa kisichomridhisha, na kesho huanza tena. Hata leo, katika mashindano ya shabaha ya kulenga juu ya meza, wapo washindani wanaotumia vichwa vilivyoshindiliwa kwa mkono na fundi mmoja.

John Nosler, mwenye malori huko Oregon, alikwenda Kanada mwaka 1946 kuwinda mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, na risasi zake zikavunjika juu ya ngozi bila kuingia. Alirudi nyumbani akachonga kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, ili nusu ya mbele ikivunjika ya nyuma iendelee. Mwaka 1948 alifungua kampuni.

Sasa ile hesabu. Risasi huyeyuka kwa joto la nyuzi 327 tu, yaani jiko la kawaida latosha. Huo ndio urahisi wake, na ndio mtego. Anayeiyeyusha nyumbani huvuta mvuke na vumbi lake. Vumbi hilo hushika nguo na viatu, huingia sebuleni, na mtoto anayetambaa hulipeleka kinywani. Wataalamu wa afya wa Marekani wanasema wazi kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Hudhuru ubongo wake, naye huonekana shuleni kama mtoto mzito tu wa kuelewa. Walimu, hapo ninawatazama ninyi.

Hata porini deni lilidaiwa. Kondori wa California, ndege mkubwa anayekula mizoga, walikuwa wamebaki 22 mwaka 1982, na vipande vya risasi ndani ya mizoga ya wawindaji vilikuwa miongoni mwa vilivyowaua. Jimbo hilo lilipitisha sheria mwaka 2013, na tangu tarehe 1 Julai 2019 mwindaji haruhusiwi kutumia risasi zenye madini hayo. Kichwa cha shaba tupu kilikuwa kimekwisha kupatikana miaka ya 1980, katika kampuni ya Barnes, iliyoanza mwaka 1932 kama karakana ya mtu mmoja huko Colorado. Wabunifu wake walitafuta kichwa kisichovunjika. Ndege hawakuwamo katika mawazo yao.

Wala tusidhani jambo hili liko mbali. Kule Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhurika kwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mvuvi naye, anayeyeyusha risasi uani ili apate chubwi za mshipi, hana bunduki wala kalibu ya Oroville, lakini moshi wake ni ule ule, na sufuria ile huenda ikarudishwa jikoni.