Toharani: Upendo Unaovuka Kaburi

Kumbukumbu ya Waamini Marehemu Wote, 2 Novemba
Masomo: Hek 3:1-9, Rum 6:3-9, Yn 6:37-40



Leo tarehe 2 Novemba imeangukia siku ya Dominika, na Mama Kanisa ameweka kando masomo ya kawaida ya Dominika ili atuongoze sote makaburini. Jana tuliwasherehekea Watakatifu wote, ndugu zetu waliokwisha kufika. Leo twawakumbuka ndugu zetu walio bado njiani. Nasi hatuwakumbuki kwa machozi tu, bali kwa sala.

Makatekista wangu wapendwa, najua kwamba vigangoni mwenu mnaulizwa swali hili mara nyingi: “Kwa nini tuwaombee wafu? Aliye mbinguni hana haja ya sala zetu, na aliye motoni hazitamfaa kitu.” Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu.

Tuanze na Maandiko Matakatifu. Katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, twasoma habari za askari wa Yuda Mmakabayo waliouawa vitani. Wenzao walipokwenda kuizika miili yao, walikuta chini ya nguo za kila mmoja vitu vya miungu ya Yamnia, navyo vilikatazwa na Sheria. Tuseme waziwazi: walikuta hirizi. Watu hao hawakuwa wapagani. Walikufa wakiitetea imani ya baba zao, lakini chini ya nguo walificha kitu kingine cha kutegemea. Je, Yuda aliwalaani? Hapana. Alisali pamoja na watu wake, akachanga drakma 2,000 za fedha, akazipeleka Yerusalemu ili itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi. Mwandishi amsifu, kwa kuwa alitenda hivyo akiutazamia ufufuko. Kama wafu hawafufuki, kuwaombea ni kazi bure.

Ndugu zangu, hali ya askari wale ndiyo hali ya wengi wetu. Tumebatizwa, twasali, twampenda Mungu kweli; lakini chini ya nguo pana kitu tulichokificha. Mtu wa namna hiyo akifa katika urafiki na Mungu, hapotei. Lakini je, aingie mbele ya Mtakatifu akiwa bado na uchafu wake? Kanisa lafundisha, katika Katekisimu, namba 1030 hadi 1032, kwamba wale wanaokufa katika neema ya Mungu bila kutakata kabisa wana hakika ya wokovu wao wa milele. Ila baada ya kufa hutakaswa, wapate utakatifu unaohitajiwa ili kuingia katika furaha ya mbinguni. Utakaso huo ndio tunaouita toharani, na neno lenyewe latokana na tohara, yaani usafi. Mafundisho hayo yalitamkwa rasmi katika Mitaguso ya Lyon mwaka 1274, Firenze mwaka 1439 na Trento mwaka 1563.

Somo la kwanza la leo lasema kwamba Mungu huwajaribu wenye haki kama dhahabu katika tanuru. Sisi wa Ufipa hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mababu zetu walikuwa wahunzi hodari, na mabaki ya matanuru yao marefu, yaitwayo malungu, yangali yakionekana katika uwanda wetu huu wa juu. Mawe ya chuma yaliyeyushwa kwanza katika lile tanuru kubwa, refu kupita kimo cha mtu. Kilichotoka humo kilikuwa chuma kweli, lakini chuma kilichochanganyika na makapi na makaa. Mhunzi hakukitupa. Wala hakukifanya jembe siku hiyo hiyo. Alikitia katika tanuru la pili, dogo, liitwalo kintengwe, akavukuta moto mpaka makapi yakatengana na chuma. Ndipo alipokifua jembe.

Shikeni mambo mawili katika mfano huo. La kwanza: tanuru la pili halikugeuza jiwe kuwa chuma. Kilichoingia humo kilikuwa chuma tayari. Vivyo hivyo, toharani si nafasi ya pili kwa mtu aliyemkataa Mungu mpaka pumzi yake ya mwisho. Wakati wa kuchagua ni sasa. La pili: mhunzi alikitia chuma motoni kwa sababu alikithamini. Toharani si jehanamu ndogo, wala si kisasi cha Mungu. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika katekesi yake ya tarehe 4 Agosti 1999, alieleza kwamba toharani si mahali, bali ni hali ya kutakaswa. Naye Papa Benedikto wa Kumi na Sita, katika waraka wake *Spe Salvi* wa mwaka 2007, alikumbusha fikira ya wanateolojia kadhaa wa siku zetu, kwamba moto huo unaochoma na kuokoa ni Kristo mwenyewe. Kutazamwa naye kwauma, kwa sababu twajiona tulivyo. Lakini uchungu huo ndio unaotuponya. Zaidi ya hapo tusidadisi. Mtaguso wa Trento wenyewe uliwaagiza maaskofu wayazuie maswali ya udadisi, ushirikina na tamaa ya faida katika jambo hili.

Mtauliza: nini hasa hutakaswa, ikiwa dhambi zilikwisha kuondolewa katika Kitubio? Chukueni mfano wa mtu aliyesogeza mpaka wa shamba la jirani yake. Akaungama, akasamehewa. Lakini je, ile tamaa imekwisha moyoni? Na mtoto wa jirani aliyekosa chakula mwaka ule? Msamaha umefuta kosa. Jeraha bado lahitaji dawa. Kama mtu huyo amekufa kabla ya kurudisha mpaka, ninyi wanawe mnayo sala ya kumwombea iliyo bora kuliko maneno mengi: rudisheni ule mpaka.

Sasa nataka kusema neno zito kidogo. Kifo kinapotokea kwetu, mara nyingi swali la kwanza haliwi “Tumwombeeje?” bali “Nani amemwua?” Kabla udongo wa kaburi haujakauka, watu wa ukoo wamekwisha kwenda kwa mpiga ramli. Wanarudi na jina, na mara nyingi jina hilo ni la mjane, au la bibi kizee asiye na mtetezi. Ndugu hawasalimiani tena, nyumba zachomwa, na pengine damu yamwagika. Jioni walisali rozari matangani; usiku walikwenda kupiga ramli. Huko ndiko kuvaa hirizi ya Yamnia chini ya nguo.

Wazee hutuambia kwamba jina la mji wetu, Sumbawanga, maana yake ni “tupa uchawi”. Basi, na tuutupe! Marehemu wako hakuombi kisasi. Katika kisasi hakuna kinachomtakasa yeye, bali kwakuchafua wewe. Anachohitaji ni Misa, sala, sadaka na msamaha wako. Wala tusimwogope kana kwamba atarudi kutudhuru tusipomtuliza. Mababu zetu walifanya vema kutowasahau wafu wao. Imani yetu haituondolei kumbukumbu hiyo, bali huisafisha. Hatusemi na wafu ili watuache. Twasema na Mungu ili awapokee.

Tena tusiharakishe kuwatangaza watu wetu kuwa watakatifu siku ya mazishi. Mtakatifu Monika, alipokaribia kufa huko Ostia mwaka 387, aliwaomba wanawe jambo moja tu: wamkumbuke altareni. Naye Adriano Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyekombolewa utumwani, alifika Karema akawa katekista na tabibu wa watu wa kando ya Ziwa Tanganyika kwa zaidi ya miaka 60, hata alipofariki mwaka 1956. Twamheshimu na kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini kwa kuwa Kanisa halijamtangaza mtakatifu, hata yeye twaweza kumwombea, na sala hiyo haipotei.

Basi, tufanye nini? Kwanza, tuwaombee Misa. Sadaka mnayotoa si bei, kwa maana Misa hainunuliwi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 945, yawahimiza mapadre kutolea Misa kwa nia za waamini, hasa maskini, hata wasipopokea chochote. Asiye na kitu asione haya kuja.

Pili, kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, mwamini atembeleapo makaburi na kuwaombea marehemu aweza kuwapatia rehema kamili, kwa masharti ya kawaida: Kitubio, Komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usioambatana na dhambi yoyote. Chukueni majembe, mpalilie makaburi, na watoto wawepo wajifunze.

Tatu, lipeni madeni ya marehemu wenu, na msamehe aliyowadai ninyi.

Nne, wakumbukeni wasio na wa kuwaombea: waliozama ziwani na miili yao haikuonekana, watoto wachanga, wageni waliozikwa bila jina, na yule bibi aliyeuawa kwa kusingiziwa uchawi.

Mvua zakaribia, na mkulima wa Ufipa anatayarisha mbegu. Ataifukia ardhini bila kulia, kwa sababu anajua anachokitazamia. Yesu ametuambia leo katika Injili kwamba hatampoteza hata mmoja kati ya wale aliopewa na Baba, bali atawafufua siku ya mwisho. Kwa tumaini hilo tuwakabidhi kwake marehemu wetu wote, tukiomba awatakase kwa upendo wake na kuwaingiza katika nuru isiyozimika. Nasi, siku yetu itakapofika, tupate wa kutuombea. Amina.