Imani ya Mzazi na Dhamiri ya Mtoto: Hali ya Masisi na Walikale



Mada niliyopewa ni malezi ya dini na uhuru wa mtoto wa kuchagua imani yake. Natanguliza msimamo wangu, ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Mzazi ana haki ya kumlea mtoto wake katika dini yake: kumfundisha kusali, kumpeleka kanisani au msikitini, kumweleza mema na mabaya. Kinachovunja uhuru wa mtoto katika maeneo yetu ni kumlipisha imani ili apate asichoweza kuishi bila nacho: nafasi shuleni, ulinzi, chakula, mahali pa kulala.

Kwetu dini ya mtoto ilifungamana na shule tangu zamani. Mwaka 1906 dola ya Mfalme Leopold wa Pili ilipatana na Vatikani kwamba misheni za Kikatoliki zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Waprotestanti walifundisha bila ruzuku hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Aliyetaka kusoma aliingia misheni iliyokuwa karibu, akatoka na dini yake. Mwaka 1974 Mobutu alitaifisha shule na kuliondoa somo la dini. Mwaka 1977 serikali ikatia sahihi mkataba na makanisa na kuyarudishia uongozi wa shule hizo. Hizo ndizo shule za konvansio tunazozijua: za Kikatoliki, za Kiprotestanti na za Kikimbangu; za Kiislamu ziliongezwa baadaye.

Sizilaumu. Bila makanisa, vijiji vingi vya Walikale visingekuwa na hata darasa moja. Lakini pale ambapo shule ni moja tu kwa mwendo wa miguu, mzazi hakuchagua dini ya shule. Alichagua mtoto wake ajue kusoma. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 45, inaruhusu shule za taifa kutoa malezi ya dini kwa watoto ambao wazazi wao wameyaomba. Ni mzazi anayeomba. Je, ni wakuu wa shule wangapi kati yetu wamewahi kumwuliza mzazi siku ya kuandikisha mtoto?

Tuchukue Jumamosi. Sekondari zetu husoma siku hiyo. Mtoto wa Kiadventista anayeshika Sabato yuko kanisani. Darasani jina lake linaitwa, mwalimu anaandika hayupo. Ikitolewa interogasio ya hesabu asubuhi hiyo, anapata sifuri, na mwisho wa muhula pointi zake zinashuka katika somo ambalo halina dini. Mtoto wa miaka 14 anaachwa kati ya baba yake na mwalimu wake, na hakuna anayemwuliza yeye mwenyewe anaamini nini. Dawa yake haihitaji fedha wala barua kutoka Kinshasa: interogasio ihamishiwe Ijumaa.

Wengine husema kwamba uhuru wa mtoto ni habari iliyoletwa na mashirika ya Wazungu. Sikubali. Wabaptisti, Wapentekoste na Waadventista wa hapa hawabatizi watoto wachanga. Wanangoja mtu akiri kwa kinywa chake. Wakatoliki hubatiza mtoto mchanga, lakini baadaye humleta kwenye kipaimara ajibu mwenyewe. Kwa hiyo makanisa yetu yote yanajua kwamba inafika siku mtoto lazima aulizwe. Shida ni kwamba tunauliza huku jibu limeshaandaliwa. Anasimama ukingoni mwa mto Lowa pamoja na wenzake, nguo nyeupe zimeshonwa, mama ameshachinja kuku. Nani atathubutu kusema bado?

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990, unatambua katika kifungu cha 14 uhuru wa mtoto wa mawazo, dhamiri na dini, na unawapa wazazi kazi ya kumwongoza kadiri anavyokua. Maneno hayo ya mwisho ndiyo mazito. Wa miaka sita anaongozwa kwa mkono. Wa miaka 16 anasikilizwa, hata akisema tusilopenda. Baba anayekataa kulipa pesa ya sekondari kwa sababu binti yake ameanza kusali katika kanisa lingine haongozi tena, anaadhibu.

Kuna mahali pabaya zaidi, na tusipataje kwa kunong'ona. Katika makundi ya silaha, watoto hunyunyiziwa maji ya dawa na kupewa masharti: usile hiki, usimguse yule, na risasi itageuka maji. Mtoto akianguka, wakubwa husema alivunja sharti. Hivyo hata kifo chake kinahesabiwa kosa lake. Aliyetoroka na kurudi nyumbani hubaki na hofu hiyo, na mchungaji anayempokea kwa kumtisha na jehanamu anamwongezea hofu nyingine. Mtoto huyo anahitaji kwanza kulala usingizi, kula, na kuzungumza na mtu asiyemlazimisha kuamini chochote.

Vilevile watoto wanaoitwa wachawi. Mara nyingi ni yatima, au mtoto wa mke wa kwanza, katika familia iliyokimbia vita na isiyo na chakula cha kutosha. Anapelekwa chumba cha maombi, anafungishwa siku nyingi, anapigwa mpaka akiri. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi kwa kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu. Mchungaji anayefanya hivyo ametenda jinai, na sisi wenzake tunaonyamaza tunamfunika.

Ndugu zangu, tutakaporudi Mweso, Nyabiondo, Pinga na Walikale-Centre, nawaomba mambo haya. Wakuu wa shule, mwulizeni mzazi kuhusu somo la dini, msidai cheti cha ubatizo ili kumwandikisha mtoto, wala msimpe sifuri kwa siku yake ya ibada. Wachungaji na mapadri, mtoto akisema bado, mrudisheni nyumbani kwa amani, na mwambieni mama yake kuku aliwe hivyo hivyo.