Ufundi wa Faiba Ndani ya Magari: Ujifunzwe kwa Usalama



Vijana wengi huvutiwa na ufundi wa kutengeneza dashibodi na maboksi ya spika kwa faiba, kwa kuwa hauhitaji mitambo mikubwa. Kitambaa huvutwa juu ya kiunzi cha mbao na kupakwa rezini. Kikishakauka, matabaka ya nyuzi za kioo huongezwa kwa ndani, kisha puti na msasa hukamilisha umbo.

Hatari kubwa imo katika kigumishi, ambacho mafundi hukiita hadina. Kwa kawaida kilo 1 ya rezini huhitaji gramu 10 hadi 20 tu. Kikizidi, mchanganyiko hupata joto kali na waweza kuwaka. Kikiingia jichoni chaweza kupofusha. Jicho lioshwe papo hapo kwa maji mengi, kisha mhusika apelekwe kituo cha afya. Mvuke wa rezini nao hauzuiwi na barakoa ya kitambaa. Kazi ifanyike penye hewa ya kutosha, mbali na jiko na mahali wanapolala watoto.

Aidha, fundi asifunike kamwe mfuko wa hewa wa gari, kwani kifuniko kigumu chaweza kurushwa usoni mwa abiria.

Mwenye ujuzi wa mtaani aulize VETA kuhusu kuurasimisha. Vikundi vya vijana vimwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kuhusu mikopo itokanayo na asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri.